Mwaka mmoja China kusoma Kichina: nina HSK 2, baba ana mashaka, na wakala anataka milioni nne

Binti_Arua

Assalam aleikum, na habari zenu nyote. Mimi ni binti wa miaka 22, kwetu Arua, ila kwa sasa nakaa kwa shangazi huku Kawempe. Kiswahili chetu cha West Nile mnakijua, kwa hiyo nikivunja ngeli mnivumilie.

Jambo lenyewe ni hili. Nauza vigae kwenye duka ambalo mwenyewe ni Mchina. Nilianza kujifunza Kichina kwa hasira tu, maana nilichoka kuitwa kwa kupigiwa makofi. Nikajikuta nakipenda. Nimefaulu HSK 2, ule mtihani wa Kichina wa wageni, ngazi ya pili, na sasa najiandaa na HSK 3. Mwalimu anasema nikipata hiyo naweza kuomba ufadhili wa mwaka mmoja wa kusoma lugha kulekule China, na kwamba nianze kushughulikia pasipoti.

Sasa kuna watu watatu wananizuia. Wa kwanza ni baba. Ni askari mstaafu, Kiswahili cha jeshi ndicho kilichomtunza maisha yake yote, na ananiuliza: "Hicho Kiswahili tu watu wa Kampala wanakikimbia, wewe unakwenda kutafuta Kichina?" Anataka nisomee uuguzi. Wa pili ni bwana mmoja anayejiita wakala. Anataka milioni nne "za kufungua njia", anasema bila yeye fomu yangu haitafunguliwa hata. Wa tatu ni mimi mwenyewe. Toni nne bado zinanipiga chenga, na herufi naandika usiku, asubuhi zimenitoka.

Je, mwaka mmoja unamtosha mtu kurudi anaongea kweli, au nitarudi na picha za Ukuta Mkuu tu? Aliyekwenda anieleze alichokiona. Vipeperushi ninavyo tayari.

Kikuubo_Ghorofa_ya_Tatu

Mwanangu, mimi nimekwenda Guangzhou mara tisa na darasani sijakanyaga. Ukifika mtaa wa Xiaobei ukajua kusema duōshao qián, yaani bei gani, na tài guì le, yaani ghali mno, kikokotoo kinamaliza yaliyobaki. Yeye anaandika namba, wewe unafuta unaandika yako, anashika kichwa kama aliyefiwa, mnakutana katikati, mzigo unafungwa. Mwaka mzima wa nini? Hiyo milioni nne usimpe mtu, nunua bidhaa.

Ngo_wa_Bombo

Mdogo wangu, msalimie shangazi. Nakuandikia nikiwa ndani ya teksi hapa Kalerwe, jamu imekaza na kondakta ameshuka kununua rolex, chapati ya mayai, kwa hiyo jibu litakuwa refu kuliko ulivyoomba.

Mimi ni Muganda wa ukoo wa Ngo, ila nimekulia kambini Bombo, na mtoto wa kambini anaijua "njoo hapa" kabla hajajua "jangu wano". Nilikwenda Changsha, mji mkuu wa mkoa wa Hunan, Septemba 2018, kwa ufadhili wa aina hiyohiyo unayoisema. Nikarudi Julai 2019. Siku hizi mkate wangu unatokana na ukalimani.

Tummalize wakala kwanza, hana maana ya kutuchelewesha. Fomu unaijaza wewe mwenyewe kwenye mtandao. Unaambatanisha cheti cha HSK, matokeo yako ya mtihani wa taifa (UNEB), pasipoti, na barua ya taasisi inayokupendekeza. Taasisi ya Confucius ya Makerere, kituo cha kufundisha Kichina, ipo tangu 2014, inashirikiana na Chuo Kikuu cha Xiangtan, na kutoka Kawempe ni boda ya dakika chache. Nenda uwaulize ana kwa ana. Fedha nilizotoa mimi zilikuwa za nauli, viza, vipimo vya afya na kadi ya manjano ya chanjo, na kila moja niliilipa penye dirisha lake nikapewa risiti. Wenzako wanaoambiwa "njia imefunguliwa" wengi wao wamefunguliwa pochi.

Toni sasa. Ngoja nikupe aibu yangu.

Nje ya geti la bweni letu kulikuwa na mama mmoja mwenye toroli. Juu yake vyungu vya mianzi vimepangwa kimoja juu ya kingine, mvuke unatoka mpaka miwani yake inakuwa nyeupe, naye anaifuta kwa pindo la aproni bila kuacha kuhesabu chenji. Anauza bāozi, vimkate vyororo vya mvuke vyenye nyama au mboga ndani. Wiki yangu ya kwanza nilisimama kwenye mstari nikikariri sentensi kimoyomoyo. Zamu yangu ilipofika nikaitoa kwa sauti ya gwaride: "Liǎng ge bàozi!" Koleo likabaki hewani. Waliokuwa nyuma yangu wakapasuka kwa kicheko. Kumbe bāo ya toni ya kwanza, iliyonyooka juu kama filimbi, ndiyo kimkate. Bào ya toni ya nne, inayoporomoka kama afande anayekukatiza maneno, ni chui. Nilikuwa nimeagiza chui wawili. Na ngo kwa Kiganda ni nini? Ni chui! Mwiko wa ukoo wangu, haliwi hata kwa mzaha, mimi naagiza wawili wa asubuhi.

Mama alinipa vyangu, akapokea yuani tatu, halafu akanyoosha kidole, akakipeleka hewani kutoka kushoto kwenda kulia bila kukipandisha wala kukishusha: bāāāo. Kesho yake akagoma kuniuzia mpaka niseme vile kidole kinavyokwenda. Watu saba nyuma yangu wana vipindi saa mbili, yeye hana haraka. Nilisema mara nne. Mpaka leo nikitamka toni ya kwanza nakiona kile kidole chenye unga.

Wewe wa Arua una bahati ambayo huijui. Kilugbara ni lugha ya toni. Sauti ikipanda au ikishuka mahali pasipo pake, neno linageuka jingine, na umeifanya kazi hiyo tangu unanyonya. Kiganda nacho ni hivyohivyo. Kosa letu ni kuingia kwenye Kichina kwa mlango wa Kiswahili au Kiingereza, lugha ambazo sauti ikipanda ni swali au ugomvi tu. Mimi nilianza kushika toni siku nilipoacha kuzichora kwa mishale daftarini nikaanza kuzisikiliza kama ninavyomsikiliza bibi yangu akizungumza. Jaribu hivyo kwa lugha ya mama yako.

Palipokuwa na kazi kwetu Waganda ni r na l. Kiganda chetu hakizitenganishi kama maneno mawili, r inatokea baada ya e na i, kwingine ni l, na mdomo umezoea. Kichina hakina huruma hiyo. Rè ni joto, lè ni furaha. Septemba Changsha ni tanuri, natokwa jasho mpaka kwenye soksi, na kila anayeniuliza hali namjibu kwamba nina furaha sana. Na r yao hata siyo hii yetu inayotetemeka, ulimi unakunjwa nyuma kama unaficha punje ya mahindi. Nilifarijika tu kukuta wenyeji wa Hunan nao wana kilema chao. Wengi wanachanganya n na l, wanachanganya h na f, mpaka jina la mkoa wao wenyewe linawatoka "Fulan".

Kuna mtego mwingine ambao mwalimu Mchina hatakuonya, kwa sababu haujui. Sisi saa yetu inaanza kuhesabiwa asubuhi, na wiki yetu inaanza kuhesabiwa Jumamosi. Kwao Jumatatu ni xīngqī yī, siku ya kwanza. Nilikuwa na mwenzangu wa kubadilishana lugha, binti wa mwaka wa pili, mimi namsaidia Kiingereza yeye ananisaidia Kichina. Nikamwandikia tukutane maktaba Jumatatu saa mbili. Kichwani nina "tatu" na "mbili", kwa hiyo nikaandika xīngqī sān, liǎng diǎn. Jumatatu asubuhi nikakaa pale ngazini kuanzia saa mbili mpaka njaa ikaniondoa, nimenuna, nasema watu hawa hawana ahadi. Yeye alikuja Jumatano saa nane mchana, na daftari, kwa wakati wake kabisa, akanikosa. Kila mmoja alikuwa na haki ya kununa.

Lakini yapo ambayo Mswahili anayapata bure. Baba ni bàba. Mama ni māma. Chai ni chá. Jamaa wa Kizungu darasani kwetu waliteseka wiki nzima na majina ya ndugu, eti kwa nini mjomba awe na majina matatu. Mimi nikawa nacheka. Kaka wa baba aliyemtangulia ni bóbo: baba mkubwa. Anayemfuata ni shūshu: baba mdogo. Kaka wa mama ni jiùjiu: mjomba, basi. Dada wa baba ni gūgu, huyo ni shangazi yako wa Kawempe. Kaka mkubwa gēge, mdogo dìdi, na mtu hamwiti mkubwa wake kwa jina kavu. Ukisikia mtu anamwita muuza mboga "shangazi" au "mama mdogo", unajua uko nyumbani. Na ngeli zinazowatoa watu jasho hapa Uganda zina binamu yake kule. Huwezi kusema "kitabu kimoja" hivihivi, lazima neno la kuhesabia likae katikati: yì běn shū. Samaki, mto, barabara na suruali vinahesabiwa kwa tiáo, kwa sababu vyote ni virefu vya kujinyoosha. Meza na karatasi ni zhāng, kwa ubapa wake. Ukishakubali maishani kwamba vitu vina makundi, hilo halikusumbui.

Herufi usizikariri kama michoro. Nyingi zina upande wa maana na upande wa sauti. Chukua 妈, mama. Kushoto ni mwanamke, kulia ni farasi, mǎ, na huyo farasi hana kazi nyingine pale ila kukukumbusha matamshi. Andika kwa mkono, kwa mpangilio wa mistari wanaoufundisha, hata kama simu inakuandikia. Utasahau nyingi. Hata Wachina wanazisahau wakishika kalamu, na hilo waliniambia wao.

Swali la mwaka mmoja. Niliondoka na HSK 3, nikarudi na HSK 5. Kwa ngazi sita za zamani hiyo ni kutoka maneno 600 hadi 2,500. Lakini miezi miwili ya mwanzo niliipoteza yote. Bwenini tulikuwa Waafrika Mashariki kumi na wawili, na jioni ni posho (ugali), maharage, Kiswahili, soka na kulalamika. Raha tupu. Kichina changu kilikuwa cha asubuhi, kikifa saa sita. Novemba nikaanza kukimbilia uwanja wa mpira wa kikapu, ambako hakuna aliyejua neno la Kiingereza zaidi ya "pass". Huko nilijifunza kuomba mpira, kubishia faulo, na maneno mengine ambayo mwalimu wetu alipoyasikia alifunga dirisha. Usiwatupe wenzako, ukiugua ndio watakaokupikia uji. Ila wape Jumamosi tu.

Kuhusu utamaduni, maonyesho ya chuo ya kukata karatasi na kuvaa nguo za hariri yapite upigwe picha, sawa. Mimi nilikuja kuelewa mahali nilipo Februari 2019. Mwaka mpya wao uliangukia tarehe 5, bweni limebaki tupu, maduka yamefungwa, na yule binti wa maktaba (tulishapatana) akanialika kwao kijijini nje ya Xiangtan. Bibi yake hakuniuliza habari yako. Aliniuliza nimekula? Nikajibu nimekula. Kosa. Ilikuwa kama kumwambia mwenyeji wa Masaka kwamba matoke yake hukuyaona. Bakuli langu halikupungua siku tatu, kila nikiangalia pembeni kipande kinaongezeka, na pilipili ya Hunan haikuulizi unatoka wapi. Shūshu wake akanivuta uani akanipa kitu kikavu cheusi chenye utamu juu yake, nitafune. Ilikuwa popoo, bīngláng kwa lugha yao, na Xiangtan inajulikana China nzima kwa kuitafuna. Nikadhani ni ndugu wa mairungi. Mdogo wangu, koo lilibana, masikio yakawaka, moyo ukaanza kupiga ngoma, na jasho likanitoka uani katika baridi ya kuganda. Yeye anacheka mpaka anajipiga paja. Tangu hapo nikawa mtu wa nyumbani. Nilipoondoka bibi akanipa bahasha nyekundu, na ndani pesa zilikuwa za nane nane, maana hawapendi nne kwa sababu sì, yaani nne, inasikika karibu na neno la kufa.

Baridi uichukulie kwa uzito. Watu wanaogopa Beijing, lakini kaskazini nyumba zina mabomba ya joto ya jiji. Kusini ya mto Huai desturi hiyo haipo tangu miaka ya 1950, na Hunan iko kusini. Januari nilikuwa navaa koti ndani ya chumba kuliko nje. Usinunue makoti ya mtumba Owino, yatakulia kilo za begi bure. Nunua kulekule.

Mengine harakaharaka. Viza yako itakuwa X1, na ukishaingia una siku 30 za kuigeuza kuwa kibali cha ukaazi, usizichezee. Posho ya ufadhili ilikuwa yuani 2,500 kwa mwezi, zaidi kidogo ya milioni moja na laki tatu za wakati ule, inatosha mtu asiyejidai. Ila ya mwezi wa kwanza inaweza kuchelewa, kwa hiyo nenda na akiba ya kula. WhatsApp na Google hazifunguki bila VPN, programu ya kupenya vizuizi vya mtandao, lakini Mganda gani wa kufundishwa VPN, na Facebook tunaipitia dirishani tangu serikali ilipoifunga Januari 2021? Kila kitu ni WeChat, programu ya simu ya ujumbe na malipo, hata ombaomba. Na utakapoambiwa ukafundishe watoto Kiingereza jioni kwa pesa taslimu, kataa. Mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi bila kibali. Sheria ina faini ya yuani 5,000 hadi 20,000, na ikizidi unawekwa ndani siku kadhaa.

Kuhusu mzee wetu wa Kikuubo: kikokotoo ni rafiki mwema, simpingi. Lakini Juni 2019 kulikuwa na maonyesho ya biashara ya China na Afrika palepale Changsha, nikamkalimania mzee mmoja wa Masaka aliyetaka mashine ya kusaga. Muuzaji akasema sān wàn wǔ. Nikamwambia mzee elfu tatu na mia tano. Mzee akanikumbatia. Sasa, wàn ni elfu kumi, Wachina wanahesabu kwa makumi elfu kama sisi tunavyohesabu kwa laki, na sān wàn wǔ ni elfu thelathini na tano. Mzee alishampigia mkewe simu. Nilimwona akimpigia tena. Tangu siku hiyo namba yoyote yenye wàn naiandika kwenye karatasi kabla sijafungua mdomo, na ndiyo sababu bado nina kazi.

Baba yako mwambie hivi kwa heshima. Radio China ya Kimataifa inatangaza kwa Kiswahili tangu 1961, na Beijing wako vijana wa Kichina wanaosomea Kiswahili mpaka shahada. Wao hawakikimbii. Hata baraza letu la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi Julai 2022. Wakalimani wa Kichina na Kiingereza Kampala wanaongezeka kila mwaka. Kwenye kiwanda ambako mafundi wanatoka Busia, Arua na Kasese, na msimamizi anatoka Hunan, Kiingereza kinakaa ofisini na Kichina na Kiswahili vinakutana kwenye mashine. Hapo ndipo ninapoitwa mimi.

Jamu imeachia. Nashuka.

Kikuubo_Ghorofa_ya_Tatu

Ssebo, hiyo ya wàn imenigusa, sikutaka kusema. Mwaka 2017 nilitia sahihi karatasi ya Kichina nikidhani ni risiti ya amana, kumbe ilikuwa inasema rangi atachagua mwenye kiwanda. Viatu jozi mia sita, vyote vya zambarau. Mwanangu nenda ukasome, ukirudi nitafute ghorofa ya tatu.

Mama_Swabra

Binti yangu, wanaume wamekueleza mikate ya mvuke hawakukueleza ndani kuna nini. Wewe umetoa salamu, kwa hiyo nakuambia kama mama. Mwanangu wa pili yuko Wuhan. Kule mtu akisema ròu, nyama, bila kuongeza neno, ni nguruwe. Ng'ombe ataisema niúròu, kondoo yángròu, kuku jīròu. Jifunze kabla ya salamu: wǒ bù chī zhūròu. Kisha tafuta hizi herufi mbili, 清真, qīngzhēn, mara nyingi zimeandikwa kwa kijani. Ndiyo halali. Kila mji una vijiduka vya tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou, wanaoviendesha ni Waislamu wa Kihui na wenzao wa magharibi huko, wanavuta unga kwa mikono mbele yako mpaka unakuwa nyuzi. Mwanangu anasema alipoingia mara ya kwanza akatoa salamu, mzee wa jikoni akaitikia, akamwongezea nyama. Vyuo vingi vina hata ukumbi wao wa kulia wa qīngzhēn, uliza siku ya kwanza.

Hijabu hawatakusumbua, watakupiga picha tu. Watakupiga picha hata bila hijabu. Ukichoka, sema bù yào, cheka, pita. Na utasikia vijana wanasema "nèige, nèige" kila dakika, moyo ukashtuka kwamba wanakutukana. Ni "ile... ile..." ya mtu anayetafuta neno.

Binti_Arua

Nimewasoma wote, nimesoma mara mbili, ya chui nimemsomea shangazi mpaka akamwaga chai. Allah awazidishie.

Wakala nimemjibu leo asubuhi. Akashuka hadi milioni mbili na nusu, baadaye laki nane, nikajua hiyo njia haikuwa imefungwa. Ijumaa nakwenda Makerere kuuliza mwenyewe. Na nimejaribu ile ya Kilugbara, kukaa nikamsikiliza shangazi kama vile simjui. Sijui kama ni uchawi, lakini mā na mà leo nimezitenga mara kumi kwa kumi.

Baba nilimpigia jana usiku. Nikamweleza habari za redio ya 1961, akanyamaza, akasema huenda aliwahi kuisikia kambini. Nikamweleza za bóbo na shūshu. Hizo akazipenda kwa sababu ana wadogo zake sita, akanitaka nimrudie kila mmoja angeitwaje. Mwisho akauliza:

"Na mimi kwa Kichina naitwaje?"

"Bàba."

"Nimesema kwa Kichina."

"Ndiyo, Baba. Bàba."

Akadhani namchezea. Nikamtumia sauti ya mwalimu wangu akilitamka, akaisikiliza, nasikia ameisikilizisha jirani pia. Leo mama anasema ametoka mapema kwenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, kuchukua barua yangu ya pasipoti, na amevaa koti.

Ngo_wa_Bombo, swali moja la mwisho: kwenye HSK 3, sehemu ya kusikiliza, wanarudia mara mbili au moja?

Ngo_wa_Bombo

Mara mbili. Lakini sikiliza ya kwanza.